Pamba ya Alfajiri

Kifuniko cha chupa kilisema tak.

Hakikuwa kishindo, hata paka asingegeuza sikio. Lakini kwa Bibi, aliyekuwa amepiga magoti gizani kando ya kitanda cha mjukuu wake, ilikuwa kama mtu amebamiza lango la chuma. Alitulia, akasikiliza. Mjukuu hakujigeuza. Alilala ubavu, mkono wenye bangili nyeusi ya vipimo umetoka nje ya shuka, vidole vimelegea.

Bibi alichomoa kipande cha pamba ngumu, kirefu kama pingili ya kidole. Hakukitia kinywani mwa mtoto. Alikitia kinywani mwake mwenyewe, chini ya ulimi, akafumba macho na kuanza kuhesabu hadi mia moja na ishirini.

Alipohesabu alijitahidi kuwaza mambo ya raha, ili mate yatoke matulivu. Aliwaza uzi unavyopita kwenye tundu la sindano mara ya kwanza bila kusumbua. Aliwaza marehemu mumewe alivyokuwa akisinzia kwenye kiti huku redio ikimhubiria. Akafika mia moja na ishirini, akaitema pamba ndani ya kichupa chenye namba, akakaza, akaandika kwenye kadi kwa penseli yake ya kupimia nguo: saa kumi na moja na dakika kumi na mbili.

Siku ya kumi na nne. Siku ya mwisho. Alikiweka kichupa kwenye friji pembeni ya maziwa, akashusha pumzi ndefu aliyokuwa ameibeba wiki mbili.

Mambo yalianza vizuri tu. Binti mmoja wa utafiti alikuja mtaani, mwembamba, sauti yake ya chini, na kisanduku cha barafu begani. Alitaka vijana wa miaka kumi na minne hadi kumi na saba, wanaoishi kwenye majengo yenye msongamano. Alitaka kujua maisha ya kila siku yanawalemea kiasi gani: kelele, foleni ya maji, masomo, njia ya kwenda shule. Bangili ingepima mapigo ya moyo na kujua mkono umetikisika au umetulia. Simu ingeuliza swali kila jioni. Na mate yangepimwa mara tatu kwa siku: mara tu mtoto anapoamka, nusu saa baadaye, na kabla ya kulala; siku ya mwisho ingekuwa asubuhi tu.

"Mate yanasema nini, mwanangu?" Bibi aliuliza siku ile.

"Yanasema mwili umebeba mzigo kiasi gani, Bibi. Mtu anaweza kukuambia hajambo. Mate hayajui adabu hiyo."

Bibi alicheka, akampenda papo hapo. Alipenda pia kwamba binti yule alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na kwamba vichupa alivishika kwa mikono miwili kama mayai. Watoto wa jengo walikwisha kumwita Dada Pamba.

Mjukuu wake alikuwa na miaka kumi na mitano. Jengo zima lilimjua kwa jina la Sisimizi, kwa sababu tangu utotoni hajui kukaa kitako. Bibi peke yake ndiye aliyemwita mke mwenza, maana marehemu babu alikuwa akimwita "mke wangu mdogo" na kumpa mnofu wa kwanza mezani. Mama yake Sisimizi, binti pekee wa Bibi, alifariki mtoto akiwa na miaka tisa. Tangu hapo wawili hao walikaa pamoja kwenye vyumba viwili vya ghorofa ya tatu, juu ya karakana ya mageti, na cherehani moja iliyoshona sare za nusu ya shule za pale.

Karatasi ya ruhusa ilitiwa sahihi na baba, kwa kuwa yeye ndiye mzazi. Alikuwa fundi wa lifti, mtu mnyofu, mwenye kupangusa miguu mara mbili kabla ya kuingia. Mwaka uliopita alioa tena, akapata nyumba yenye bustani ndogo upande wa pili wa jiji, na sasa alimtaka mtoto wake. Bibi hakuweza kusema ni dhambi baba kumtaka mwanawe. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Usiku wa siku ya kwanza ya vipimo, fundi wa lifti alipiga simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Wote hawajambo?"

"Hatujambo. Mama, ile juzi Sisimizi alipolala kwangu, alisaga meno usiku mzima. Mke wangu alidhani kuna msumeno."

"Alikuwa ugenini."

"Labda. Lakini hapo mlipo, chuma kinalia tangu asubuhi, vijana wamejaa kwenye ngazi... Mimi sitaki tugombane. Kazi yangu ni vipimo. Lifti ikiniambia imezidiwa, sibishani nayo. Tungoje vipimo hivi. Vikionyesha mtoto ametulia, namwacha amalizie shule hapo. Vikionyesha amezidiwa, Jumapili ya mwisho nakuja kumchukua. Ni haki, Mama, au si haki?"

"Ni haki," Bibi alisema.

Alfajiri ya pili alimkuta mtoto amekunjamana, shuka limemzonga shingoni, meno yakisagana kweli. Bibi alisimama pale na simu mkononi, akazima kengele yake ya kumwamsha mtoto kabla haijalia. Akafikiri: mate ya mtoto huyu leo yatatoka machungu, na uchungu huo utaandikwa, na mtu aliyeko mbali atausoma. Kisha akajifikiria yeye. Mwanamke wa miaka sitini na tisa, aliyezika mume na mtoto, asiyepandisha sauti hata kwa mteja mkorofi. Mtaa mzima ulisema Bibi ana moyo wa maji ya mtungini. Basi ni mate ya nani yangekuwa matulivu kuliko yake?

Kifuniko kikasema tak.

Asubuhi hiyo Sisimizi aliuliza, "Bibi, mbona simu haikulia?"

"Ililia. Ulikuwa usingizini, nikakutia pamba mdomoni, ukaitafuna kama ndama."

"Mimi?"

"Wewe, mke mwenza. Hata kucheua ulicheua."

Mtoto alimtazama kitambo, akacheka, akakimbilia kuoga. Ikawa ndiyo desturi. Pamba mbili nyingine za siku Sisimizi alizitafuna mwenyewe. Ile ya alfajiri ilikuwa ya Bibi.

Sasa siku ya mwisho ilikuwa imefika salama. Ilikuwa Jumapili, na karakana chini ilikuwa kimya. Bibi alikuwa akipiga pindo la sketi ya sare simu ilipolia, saa nne.

"Bibi, mimi wa pamba. Nitakuja saa nane kuchukua vichupa."

"Karibu, mwanangu. Chai itakuwa tayari."

"Bibi..." Sauti ya binti ilipungua. "Majibu ya wiki ya kwanza yametoka maabara. Kuna jambo. Kanuni yetu inanitaka nimwambie mzazi aliyetia sahihi, kwa hiyo nimempigia baba yake. Anakuja na yeye."

Sindano ya cherehani ilikuwa imeshuka kwenye kitambaa. Bibi aliitazama kana kwamba ni mtu mwingine aliyeishusha.

"Jambo gani?"

"Tukae pamoja ndiyo niseme. Usiogope."

Toka saa nne hadi saa nane alifagia chumba mara tatu. Sisimizi alikuwa mezani na madaftari, mguu wake ukipiga sakafu tuk tuk tuk, ule mguu usiojua kupumzika.

"Bibi, umefagia hapo mpaka saruji inalia."

"Soma wewe."

"Baba anakuja?"

"Anakuja."

Mguu ukaacha kupiga. Kimya chake kilimkera Bibi kuliko kelele.

Dada Pamba alitangulia. Alivua viatu, akakaa ukingoni mwa kiti, kisanduku miguuni. Mara wakasikia hatua za baba kwenye ngazi, nzito, za mtu asiyetaka kufika. Alipangusa miguu mara mbili. Mkononi alikuwa na begi kubwa la bluu, tupu, limejikunja kama mtu mwenye njaa. Aliliweka nyuma ya mlango, lakini kila mtu alikuwa amekwisha kuliona.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Baba, shikamoo," alisema Sisimizi, macho kwenye begi.

Dada Pamba alitoa karatasi. Alizungumza polepole, akiwatazama wote kwa zamu. "Kwa kawaida hatuleti majibu ya mtu mmoja mmoja. Tunachanganya ya mtaa mzima. Lakini kipimo kikizidi mstari fulani, hatuwezi kukaa kimya. Vipimo vya nusu saa baada ya kuamka na vya kabla ya kulala vya Sisimizi vinafanana na vya wenzake. Hivi vya kuamka..." Aliweka kidole. "Kuanzia siku ya pili, viko juu mno. Katika mitaa mitatu niliyopima, hakuna mtoto aliyefika hapa. Hata karibu."

Fundi wa lifti alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Kila asubuhi?" aliuliza.

"Kila asubuhi."

"Mwanangu anaamka hivyo kila asubuhi, na mimi niko upande wa pili wa jiji nalala." Alimgeukia Bibi. Hakupaza sauti, ingekuwa nafuu angepaza. "Mama, umesikia. Tulikubaliana. Sikulaumu, umemlea vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza. Lakini tulikubaliana. Sisimizi, chukua begi hilo ukakusanye nguo."

Sisimizi hakuinuka. Alimtazama bibi yake, midomo imekaza.

Bibi alikuwa ameshika kibweta cha pini mapajani. Angeweza kunyamaza. Akinyamaza, heshima yake ingebaki nzima na mtoto angeondoka. Akisema, huenda mtoto akaondoka vilevile, tena kwa aibu. Na huyu binti mwenye mikono ya kubebea mayai angejua kwamba alikuwa akibeba uongo kwenye barafu yake.

"Si yake," alisema.

"Nini si yake, Mama?"

"Mate. Ya alfajiri. Kuanzia siku ya pili ni yangu." Akakiweka kibweta mezani. "Nilimwonea huruma, nikakuogopa wewe. Nikaona nikiweka yangu yatakuwa matulivu. Kumbe..." Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Kumbe mtungi wenyewe unachemka."

Dada Pamba alitazama karatasi yake, akaipindua, akaitazama upande mtupu.

"Siku kumi na tatu, Bibi?" aliuliza kwa upole.

"Siku kumi na tatu, mwanangu. Nimekuharibia kazi. Unisamehe ukiweza."

Lakini baba alikuwa amesimama. "Kwa hiyo hatujui lolote! Ulificha, Mama. Mtu huficha kitu kibaya. Kama mtoto alikuwa ametulia, kwa nini umwekee mate yako? Uliona nini alfajiri ile ambacho hukutaka nikijue?"

Lilikuwa swali la haki.

"Subirini kidogo," alisema Dada Pamba. Alikuwa amechomoa karatasi nyingine, yenye mistari miwili ya mawimbi. "Hii ni ya bangili. Nilikuja nikitaka kuuliza juu yake, maana ilinitatiza. Kifuniko cha chupa kina kumbukumbu. Kinajua kilifunguliwa saa ngapi. Na hapa kila siku kinapofunguliwa, mkono wa Sisimizi unatulia tuli. Usiku mzima unatikisika, anayelala hujigeuza. Kifuniko kikifunguka, mkono unakuwa kama jiwe. Dakika kumi. Lakini tazameni mstari wa chini, huu wa moyo. Moyo unakwenda mbio." Alimgeukia msichana. "Hukuwa umelala, sivyo?"

Sisimizi aliinamisha kichwa. Masikio yake yalikuwa yamewiva.

"Kifuniko kilikuwa kinaniamsha," alisema. "Tak. Siku ile ya kwanza nilifumbua jicho moja, nikamwona Bibi amepiga magoti na pamba mdomoni, anahesabu. Nikajua. Ningejigeuza angeona aibu. Basi nikawa nanyooka tu kama maiti."

"Na kucheua je?" aliuliza Bibi, hajui acheke au alie.

"Bibi, mimi ndama gani mwenye miaka kumi na mitano!"

Dada Pamba ndiye aliyecheka wa kwanza, akaziba mdomo. Baba hakucheka. Alikuwa ameketi tena, mikono yake mikubwa ya kufungulia vyuma imelala magotini, wazi.

"Sisimizi," alisema. "Moyo ulikuwa unakwenda mbio kwa nini?"

"Baba, nitakujibu ukiacha kumtazama Bibi hivyo."

Akaacha.

"Ile simu inauliza kila jioni, leo ni kitu gani kimekulemea zaidi. Kuna vya kuchagua. Kelele. Masomo. Njia ya shule. Watu wa nyumbani. Halafu kuna nafasi ya kuandika mwenyewe." Aliuviringisha ukingo wa daftari. "Kelele zipo, lakini fundi wa mageti anajua nina mtihani, haanzishi mashine mpaka nishuke. Wale wanaonizomea kwenye ngazi, mimi huwazomea pia. Sikuchagua hata kimoja. Nimeandika neno lilelile siku zote."

"Neno gani?"

Dada Pamba alisema haraka, "Si lazima useme. Majibu hayo ni yako."

"Nataka kusema. Niliandika Jumapili."

Baba alingoja aendelee. Kisha akaelewa, na uso wake ukabadilika polepole, kama taa inayozimwa upande mmoja wa jengo baada ya mwingine.

"Hii," alisema. "Ya leo."

"Hii ya leo. Usiku ule ulipompigia Bibi simu nilikuwa macho, nikasikia kila neno. Kila kukicha naona imebaki kidogo. Hata kabla ya hapo, nilipolala kwako, Baba. Nyumba ni nzuri. Mama mdogo alinipa mto wake mwenyewe, mwambie sijasahau. Lakini nilikuwa nasikiliza kama mtu anakunja nguo zangu."

Kwenye ngazi mtoto mdogo alikuwa akigongesha fimbo kwenye vyuma, ghorofa kwa ghorofa. Fundi wa lifti alijipangusa uso kwa kiganja.

"Mimi nimezoea mashine," alisema hatimaye. "Ikizidiwa, taa inawaka, unaangalia mzigo uko wapi. Wiki mbili nauliza mzigo uko wapi." Akamtazama Bibi, safari hii kwa jicho jingine. "Mama, na wewe? Vipimo vile vya juu kuliko mitaa mitatu. Ni mimi pia?"

Bibi alitaka kusema hapana, ndivyo alivyozoea. Akakumbuka kuwa mate yake yalikwisha kusema.

"Ni wewe, baba. Simu ikilia jioni nakaa roho juu mpaka nijue si wewe. Na si kwamba nakuchukia. Nakupenda, ndiyo maana nashindwa kukukatalia."

Dada Pamba alikuwa amechukua kalamu. Alivipiga mstari vipimo vya alfajiri kimoja baada ya kingine, bila kukasirika, kama mtu anayefumua mshono ulioenda upande. "Hivi navitoa. Nitaandika yaliyotokea kama yalivyotokea, na wakubwa wangu wataamua. Bibi, nisikilize. Kipimo hiki tumekitengenezea vijana, kwa hiyo siwezi kukuambia una ugonjwa. Lakini usikae hivi hivi. Nenda wakupime presha wiki hii."

"Nitakwenda."

"Atakwenda Jumanne," alisema baba. "Nina nafasi asubuhi. Nitakuja kumchukua." Akasita, akasikia neno lake mwenyewe. "Kumpeleka na kumrudisha."

Kisha akamwambia binti yake kitu ambacho huenda alikuwa amekibeba ngazi zote tatu. "Utamalizia shule hapa. Sikuahidi zaidi ya hapo, mimi bado ni baba yako na bado nakutaka. Ila sitangoja mashine iniambie. Nitakuuliza wewe."

Sisimizi aliitikia kwa kichwa. Hakumkumbatia, hawakuwa wamezoea. Lakini aliinuka akammiminia chai kabla ya wengine, akaitia sukari vijiko viwili na nusu, anavyopenda. Bibi aliiona ile nusu. Miaka sita tangu aache kukaa na baba yake, na mtoto hakuisahau.

Walikunywa chai. Dada Pamba alifungua bangili, na mkononi mwa Sisimizi ikabaki alama nyeupe. Alipanga vichupa kwenye barafu, hata vile vya alfajiri, kwa mikono miwili kama kawaida yake, akavaa viatu na kuwaaga. Bibi alimfungia vipande vya mkate kwenye kitambaa, na binti hakukataa.

Baba alikuwa wa mwisho kutoka. Alichukua begi lake nyuma ya mlango, akalikunja mara nne kana kwamba anataka liingie mfukoni, akaaga, akaanza kushuka. Safari hii hatua zake zilikuwa nyepesi kidogo. Bibi alibaki mlangoni akizisikiliza. Ghorofa ya pili. Ghorofa ya kwanza.

Sisimizi alimpita mbio, nusura amwangushe, akaning'inia kwenye chuma cha ngazi na kupiga kelele hadi mtoto wa fimbo akanyamaza.

"Baba! Jumapili ijayo uje tena!"

Hatua zikasimama chini kule.

"Uje kututembelea tu! Begi liache kwako!"